Uzazi Uliotembea na Sufuria

Siku mliyoniaga pale zahanati mlinivisha kitenge kipya juu ya kitenge nilichovaa, mkanilisha keki kama mtoto wa kipaimara, kisha mkasema, "Sista, tupe maneno machache." Nikasema machache kweli, maana krimu ilikuwa inayeyuka na mgeni rasmi alikuwa anaangalia saa. Mengi yakabaki. Sasa niko nyumbani Kikatiti, kuku wangu hawana hamu ya habari za kliniki, na nimeona niwaandikie nyie mnaoshika kazi sasa. Habari za vyeo na mishahara sitagusa. Cheo kilichelewa, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nilipangiwa upande wa magharibi wa Mlima Meru nikiwa binti mwembamba, mkinikuta leo hamwezi kuamini. Mimi ni Mmeru, na kule ni kwa Waarusha, wanaosema Kimaasai. Kimaasai changu kilikuwa cha kuokoteza. Siku ya kwanza nilimsalimia bibi mmoja kwa salamu ya wanaume, benchi zima likacheka hadi watoto wakaacha kulia. Aliyeniokoa ni mkunga mkuu, Sista Veronika, mwanamke mnene, mkali, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alinisogeza pembeni akanifundisha: mwanamke unamwambia *takwenya*, naye ataitikia *iko*. Halafu akanikabidhi mizani.

Mnaijua ile mizani ya kuning'iniza, na suruali yake ya kitambaa anayovalishwa mtoto akabembea kama embe mtini. Nilipima watoto asubuhi nzima, nikaandika kwenye kadi zao kwa mwandiko mzuri, nikajiona nesi kamili. Sista Veronika akaja akasimama nyuma yangu.

"Watoto umewapima," akasema. "Mama zao je?"

"Mizani ya mama hatuna, sista."

"Unayo. Yule pale, mtazame usoni. Amekuja kliniki mara ngapi hajainua kichwa?"

Sikuwa nimemwona hata sura. Nilikuwa nimeona miguu ya watoto tu. Akanipa na sheria nyingine ambayo nimeifuata mpaka siku ya keki: mtoto akiletwa kliniki bila mama, umfuate mama nyumbani. "Vifaranga wakirudi bila kuku," aliniambia, "wewe utakaa umekunja nne?"

Nikasema hapana, sitakaa. Nani angethubutu kusema vingine mbele ya sauti ile.

Kwa wenzangu mnaotoka mbali, kule mwanamke akijifungua hatoki nje. Anakaa ndani miezi kama mitatu, anaitwa mzazi, na kazi yake ni kula. Kipindi hicho ndicho kinachoitwa uzazi, na mwenye uzazi ni mama mkwe. Kondoo anachinjwa, mafuta yake yanayeyushwa na mzazi anayanywa. Kuna mtori wa ndizi na nyama, kuna supu, kuna loshoro, yale mahindi yaliyolala kwenye maziwa ya mgando, na kuna moto ambao hauzimwi. Wanawake wa jirani wanakuja na sukari na sabuni, wanamfunua mtoto, wanambariki, kisha wanamgeukia mzazi na kumkagua mashavu. Mashavu yakijaa, mama mkwe anasifiwa mpaka kanisani. Yakibonyea, jina lake limekwisha. Siicheki mila hii hata kidogo, maana nimeona sehemu nyingine mwanamke anarudi shambani na jembe wakati kidonda hakijafunga. Ila ina kasoro yake. Mzazi mwenye adabu ni yule mtulivu, aliyejifunika, asiyesema, asiyetoka. Na mwanamke mwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni, baada ya kujifungua naye yuko hivyohivyo. Ukimkuta amekaa kimya gizani, watu wanampongeza mama mkwe na kuondoka.

Ndiyo maana chombo nilichokitumia kuliko vyote katika kazi yangu hakikuwa mizani wala kipimo cha presha. Kilikuwa birika la watu. Nikiingia nyumba ya uzazi, nikimkuta mama mkwe amekaa mlangoni kama askari wa benki, namwambia, "Yeyo," yaani mama, "naomba maji ya moto ninawe mikono." Maji ya moto kwenye mafiga hayachemki kwa kuamrishwa. Anaenda jikoni, anapuliza moto, analaani kuni mbichi, na mimi nabaki na mzazi wangu. Nimenawa mikono kwa maji ya moto nyumba nyingi sana nisizohitaji kunawa. Andikeni hilo popote mnapoandikia mambo yenu.

Sasa niwape habari ya Naishiye.

Naishiye alikuwa binti wa mjini, wa Daraja Mbili, fundi cherehani, msemaji wa kupindukia. Alipokuja kliniki na ujauzito benchi lilikuwa halilali. Alinishonea sare ya kwanza iliyonikaa mwilini, akaniambia, "Sista, hizi mnazopewa na serikali zimekatwa kwa kupima gunia." Aliolewa huko juu na Lomayani, fundi ujenzi aliyekuwa akifanya kazi Engutoto na kurudi nyumbani Jumamosi. Na mama mkwe wake, Mama Lomayani, alikuwa mpishi ambaye harusi haianzi kabla hajaonja. Mwanamke mrefu, amenyooka, anatembea katikati ya njia na bodaboda ndizo zinampisha.

Siku ya chanjo nilimwona Mama Lomayani anaingia na mjukuu peke yake. Nikapima. Mtoto mzito, safi, kadi inapanda vizuri. Nikamsogeza puani, mdomo ulikuwa unanukia maziwa ya ng'ombe.

"Yeyo, mama yake hanyonyeshi?"

"Ananyonyesha nikimwekea mtoto kifuani. Mvivu kidogo wa kushika. Si unawajua wasichana wa mjini."

"Na chakula?"

Hapo alijivuta juu. "Chakula! Njoo umwone mashavu."

Naishiye, mvivu? Yule aliyeshona mpaka wiki ya mwisho, tumbo limeegemea cherehani? Nikawakumbuka vifaranga wa Sista Veronika. Mchana ule ule nikafunga dirisha la dawa, nikanunua sukari na sabuni ya kwendea, nikapandisha kilima.

Nilikuta nyumba imejaa wageni wanasifia. "Aisee, Mama Lomayani amelisha!" Na kweli alikuwa amelisha. Naishiye alikuwa amenawiri, shingo ina pingili, shuka imemfunika hadi kichwani. Mama Lomayani akampa kikombe cha mtori, akakipokea kwa mikono miwili, akanywa wote bila kupumzika kama mtu anayemeza dawa chungu. Machozi yalikuwa yanamtiririka yakaingia kikombeni. Nikawatazama wageni. Walikuwa wanatazama kikombe kinavyoisha. Mmoja akasema, "Moshi wa humu ndani huu," akajifuta macho yake mwenyewe.

Nikasubiri waondoke. Nikaomba maji ya moto.

Nilimshika mkono. Nikamwita jina, nikamuuliza, "Naishiye, na wewe unaendeleaje? Wewe, si mtoto."

Alinitazama muda mrefu, kama aliyesahau kwamba swali hilo lipo duniani. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Sista, huyu mtoto namtazama naona kama wa jirani nimeachiwa nimlinde. Nasubiri mwenyewe aje amchukue. Haji."

"Unalala?"

"Silali. Nakula tu. Nisipokula yeyo atapata aibu."

Hapa nawaambia kitu, vijana, na mnisikilize vizuri. Swali linalofuata wengi mnaliogopa. Mnadhani ukiliuliza utampandikiza mtu wazo. Humpandikizi. Nikamuuliza kwa maneno mazima: "Umewahi kuwaza kujidhuru, au kufa?"

"Natamani nilale nisiamke," akasema. "Na jana niliwaza nisingojee usingizi."

Nilitaka kulia, nikatamani kukimbia kumwita Sista Veronika, lakini alikuwa amekwisha kuzikwa kwao. Nikakaza mkono wangu kwenye wake nikamwambia, "Huo ni ugonjwa, Naishiye. Una jina, unaitwa sonona, na unatibika. Wewe si mbaya na hujarogwa. Sitaondoka hapa mpaka nijue hutabaki peke yako." Akaanza kulia kwa sauti, na Mama Lomayani akaingia na birika.

Jioni ile nilimweleza wifi yake, dada wa Lomayani, naye akahamishia kitanda chake chumbani kwa Naishiye, akaapa hatatoka hata chooni bila mtu wa kumshikia zamu. Lomayani nilimpigia simu Engutoto. Akasema, "Sista, mimi sina neno. Mama akikubali, nakuja na gari." Wanaume wa kule ni simba porini, kwa mama zao ni ndama.

Kwa hiyo nikabaki na Mama Lomayani. Zahanati yetu haikuwa na mtaalamu wala dawa za ugonjwa ule. Naishiye alitakiwa aonwe na daktari wa afya ya akili kwenye hospitali kubwa ya mjini, na aonwe kesho, na baada ya hapo kila wiki. Na mzazi hatoki.

"Mzazi wangu hatoki," Mama Lomayani alinijibu asubuhi, amesimama mlangoni mikono kiunoni. "Aonekane njiani kabla uzazi haujaisha? Watu watasema nini? Watasema nimemnyima. Watasema amekimbia njaa kwangu! Mimi!"

"Yeyo, anaumwa."

"Anaumwa na anakula? Umeona wapi mgonjwa anamaliza sufuria?"

Nilieleza kitaalamu. Nikaeleza homoni. Haki ya Mungu, nilitumia maneno ambayo hata mtihani wa chuo haukuyauliza. Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayeuza dawa za panya mnadani. Hasira zilinipanda, nikataka kumwambia kwamba mashavu hayajawahi kumzuia mtu kufa. Nikageuka pembeni nivute pumzi, na ndipo nikaona zizi lake. Ng'ombe walikuwa wamenona, wana afya, kila mmoja anajulikana kwa jina.

"Yeyo," nikasema, "ng'ombe akizaa halafu akamkataa ndama, unafanyaje? Unampiga?"

"Nani anampiga!" Alikasirika kabisa. "Ng'ombe anayekataa ndama hapigwi. Unampaka ndama chumvi amrambe. Unamwimbia. Unakaa naye."

"Kwa nini usimpige? Si amekataa mtoto wake?"

"Kwa sababu si mbaya, amechanganyikiwa tu. Kuzaa ni kazi. Ukimwacha peke yake ndiyo anapotea moja kwa moja, na ndama anapotea."

Akalitazama zizi lake. Kisha akanigeukia, jicho limekaza.

"Wewe Mmeru, unamwita mkwe wangu ng'ombe?"

"Namwita mama aliyejifungua, yeyo. Ng'ombe wako akijifungua anaimbiwa. Naishiye nani amemwimbia?"

Weee! Nilidhani nitatolewa kwa fimbo. Yule mama mrefu akakaa kwenye kigoda cha kukamulia kama aliyekatwa miguu. "Nilimpikia," akasema. "Mungu ananiona, nilimpikia kila kitu."

"Najua. Angekuwa hai bila wewe? Lakini chakula peke yake hakifiki pale panapouma."

Nilikuwa nimeanza kupanga maneno mengine alipoinuka, akapangusa sketi.

"Uzazi si nyumba," akasema. "Uzazi ni mimi. Nilipo mimi na chakula changu, mzazi wangu yuko kwenye uzazi." Akaniuliza kwa ukali, "Huyo daktari wako atakataa nikija na sufuria?"

"Akikataa nitamshughulikia mwenyewe, yeyo."

Basi kama hamkuwahi kuona uzazi unatembea, mimi nimeuona. Tuliondoka hatua kwa hatua. Mbele Mama Lomayani, sufuria ya mtori kichwani imefungwa kanga mbili, mvuke unatoka. Katikati Naishiye amefunikwa shuka, ameshikwa na wifi yake. Nyuma mimi na mtoto mgongoni. Kulikuwa na njia ya mkato ya kupitia migombani, hakuna ambaye angetuona. Nikaielekeza kwa mkono. Mama Lomayani akanitazama kama anayemtazama mwendawazimu, akapita katikati kabisa ya njia kubwa, mbele ya mashine ya kusaga, ambapo wanawake wote wa kijiji walikuwa wamekaa na madebe yao. Mashine tu ndiyo iliyoendelea kunguruma.

"Mzazi huyo anaenda wapi?" mmoja akauliza.

"Anaenda hospitali. Anaumwa huzuni ya uzazi," Mama Lomayani akajibu kwa sauti ya kufika ng'ambo ya korongo. "Chakula chake hiki hapa. Nani anataka kuonja aseme hakina mafuta?"

Hakuna aliyetaka. Tukapita. Huko chini kwenye lami Lomayani alikuwa ameegesha gari la jamaa yake, macho mekundu, akamshika mkewe mkono mbele za watu, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwao.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, nywele fupi. Mama Lomayani alikaa mbele yake na sufuria mapajani.

"Umezaa?"

"Bado, bibi."

"Vizuri. Basi hujui kitu, utamsikiliza."

Yule binti alicheka, na nakiri kwamba alisikiliza kweli. Alimtoa kila mtu nje, hata sufuria. Walikaa na Naishiye mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Baadaye akatuita akatueleza: ugonjwa unaowapata wanawake wengi, tajiri kwa maskini, atapewa dawa ambazo hazimzuii kunyonyesha, atakuja kuongea naye kila wiki, na nyumbani asiachwe peke yake. "Na kuimbiwa?" Mama Lomayani akauliza. Daktari akaniangalia. Nikamwambia aseme ndiyo. Akasema ndiyo.

Msidhani alipona kwa kumeza kidonge kimoja. Wiki za kwanza nilipandisha kile kilima na moyo mkononi, nikisikiliza kwa mbali kama kuna kilio. Kulikuwa na siku aligeukia ukuta asijibu salamu. Kila wiki msafara ulipita mashineni, sufuria mbele. Na kila jioni yule mama mkali alikaa kando ya kitanda akaimba zile nyimbo za zizini, kwa sauti ambayo, tuseme ukweli, Mungu alimpa mapishi tu. Alimweka mtoto katikati yao. Hakumlazimisha Naishiye amshike. Alikuwa anaimba na kungoja.

Siku moja nikiwa nachanganya chanjo nikasikia kelele nje. Mama Lomayani huyo anakuja mbio, mwanamke ambaye bodaboda zilikuwa zinampisha, kanga inaburuzika vumbini. Nikasema tayari, tumempoteza.

"Sista! Sista! Amenitukana!"

"Nani?"

"Naishiye! Amesema mtori una chumvi kama wa hotelini! Amesema shangazi yake Daraja Mbili anapika vizuri kunishinda!" Alikuwa analia na kucheka, amenikamata mabega ananitikisa. "Na amemchukua mtoto mikononi mwangu. Ameninyang'anya! Amesema namshika vibaya!"

Tuliruka wote wawili pale uani kama wendawazimu, na benchi zima la kliniki likasimama kupiga vigelegele bila kujua wanapigia nini.

Leo huko juu wageni wakienda kumwona mzazi wanaketi kwanza kwa mama. Wanamuuliza, "Na wewe unaendeleaje?" na wanangoja jibu, ndipo wanamfunua mtoto. Mama wakwe wenyewe ndio wanaosimamia, na mgeni akimkimbilia mtoto anarudishwa mlangoni aingie upya. Mzazi akinyamaza sana, wanakuja zahanati wenyewe, hawangoji nesi apandishe. Watu wa semina wamekuja kutuuliza tulitumia mbinu gani. Niliwaeleza habari ya sufuria, wakaandika "ushirikishwaji wa jamii". Sawa, mradi walielewa. Husemwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Sisi tulianza kuuliza uchungu wa mzazi anaujua nani.

Lakini siku moja nimeiruka makusudi, nayo ni siku ya kumtoa Naishiye.

Uzazi ukiisha kunafanyika sherehe. Mzazi ananyolewa, anavishwa, anatolewa nje juani, na mama mkwe anamwinua mtoto mbele ya wanawake wote na kumtangaza. Nilialikwa, nikavaa ile sare yangu inayonikaa. Uwanja ulijaa. Hakuna mwanamke wa pale mashineni ambaye hakuja, na nyama ilikuwa ya kutosha hata kwa wale waliokuja kukagua. Naishiye alitoka mlangoni, jua likampiga usoni, akakunja macho, na mtoto alikuwa mgongoni kwake mwenyewe. Mlima ulikuwa wazi nyuma yake mpaka kileleni.

Mama Lomayani akasimama katikati. Tukangoja amchukue mtoto amwinue, maana ndivyo inavyofanyika tangu mababu. Hakumchukua. Akamshika Naishiye mkono, akauinua ule mkono juu mpaka shanga zikateremka kwenye kiwiko.

"Mliniuliza mashineni huyu anaenda wapi," akasema. "Sasa nawajibu. Alikuwa anaenda kurudi. Mwaka huu nyumba yangu imezaa wawili. Huyu hapa ndiye wa kwanza. Mwimbieni yeye kwanza."

Wakaimba. Nikaimba na mimi, kwa Kimaasai changu kibovu, na safari hii hakuna aliyenicheka.